SOMO: Kutoka udongo wa shambani hadi kozi, ufadhili na kazi (kwa wafinyanzi wa Malindi, Amu na jirani zao)

Haya jamani, siku hizi naulizwa swali moja tu na vijana wa huku, "mwalimu nataka kusomea ufinyanzi ng'ambo naanzia wapi", nikisema nitumie kazi zako naletewa picha ya kikombe juu ya kitanda, nyuma shuka la maua na pembeni mguu wa mtu. Leo naliweka lote hapa, atakayeuliza tena namtuma asome.

Msimamo wangu nautoa mapema. Safari haianzi na fomu, inaanza na udongo wa kwenu. Wale wanaochagua watu wameshaona vikombe vya udongo wa paketi mpaka wamechoka, lakini kijana anayejua udongo wa kwao unataka nini na anaweza kuonyesha alivyoujaribu, huyo hawamuoni kila siku.

HATUA YA 1: Ujue udongo wako, na uandike

Chimba sehemu mbili tatu tofauti, kila mmoja ndoo moja, uuwekee namba. Usichimbe Gede wala karibu na magofu yoyote, na kigae cha zamani ukikiona Mambrui au popote kiache kilipo, kuna sheria ya makumbusho ya 2006 na haina mchezo.

Sasa udongo wa pwani una maradhi yake, nayo ni matumbawe. Ndani yake mna chembe za tumbawe na makombe yaliyosagika, nyingine ndogo hata kuziona kwa jicho ni kazi. Ukichoma kwenye tanuri ukapita nyuzi 850 hivi, zile chembe zinageuka chokaa, ile ile ya tanuu wanayojengea watu nyumba, na chokaa ikinywa unyevu hufura. Kwa hivo chungu kinatoka motoni kizuri kabisa, unakiweka rafuni unajisifu, baada ya siku kadhaa unasikia tap! ukitazama kimebanduka kipande saizi ya ukucha na katikati pana doa jeupe. Hapo hujakosea kufinyanga, udongo hukuuchuja.

Kipimo chake rahisi: kausha donge, lidondoshee ndimu au siki, likitoa povu jua mna tumbawe. Dawa ni kuuloweka mpaka uwe uji, ukoroge, uupitishe kwenye chujio la waya mdogo mdogo, uache utuame, mwaga maji ya juu, kilichobaki kianike kwenye shuka kuukuu mpaka kishikike. Ama uchome moto mdogo wa wazi kama wanavochoma kina bibi, na ndio maana vyungu vyao havipasuki vidoa, moto haujafika mahali pa kuligeuza tumbawe. Wale wazee hawakuwa na kipima joto lakini walijua.

Halafu tengeneza vigae vya majaribio. Kimoja kimoja kichore mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi, upime tena kikikauka, upime tena kikishachomwa. Ukibaki 9 basi udongo wako unapungua asilimia 10. Andika yote kwenye daftari: umetoka wapi, mchanga umetia kiasi gani, umechomwa vipi, umetokaje. Hilo daftari lipige picha, litaingia kwenye maombi yako, na niamini mimi lina nguvu kuliko cheti cha semina ya siku mbili.

HATUA YA 2: Kaa kwa mwalimu aliye karibu

Nenda sokoni kwa mama anayeuza vyungu na vyetezo, muulize vinafinyangwa wapi na nani. Nenda ukae, umsaidie kukanda, umlipe muda wake, na ukitaka kumpiga picha muombe ruhusa. Kwenye maombi umtaje kuwa ndiye mwalimu wako.

Anayeniambia "mimi sina gurudumu", lile la kuzungusha udongo, namwambia amtazame mfinyanzi Magdalene Odundo. Amezaliwa Nairobi 1950, akaenda Uingereza 1971, na 1974 akaenda Abuja ya zamani Nigeria (leo mji huo unaitwa Suleja) kwenye kituo cha ufinyanzi alikokuwa Ladi Kwali (huyo mama picha yake iko kwenye noti ya naira 20, mfinyanzi kwenye noti jamani!). Baada ya hapo ndio akasoma Farnham, hukohuko Uingereza, kisha Royal College of Art London akamaliza 1982. Mpaka leo anapandisha kwa mkono, hapaki glezi (ule mpako unaong'aa kama kioo), anasugua mpaka king'ae, na 2020 Uingereza wakampa heshima ya Dame. Hapo gurudumu liko wapi?

HATUA YA 3: Picha

Watu wengi wanakatwa hapa, kazi ni nzuri lakini picha zinaitukana. Simu inatosha. Nunua manila moja ya kijivu, ibandike ukutani ishuke hadi mezani bila kuikunja, iwe na mpindo laini. Weka barazani kwenye kivuli, asubuhi, maana jua la Malindi la saa sita linachoma kila kitu kiwe cheupe. Futa kioo cha kamera na pindo la shati, kila mtu anasahau hii. Usiwashe flashi, usitie filta, usiweke leso chini. Kila kazi picha tatu, nzima, karibu, na moja ya ndani au ya kitako. Chini ya picha andika jina la kazi, urefu kwa sentimita, udongo gani, umechomwa vipi, mwaka. Kumi zilizochujwa zinashinda arobaini za kurundika.

HATUA YA 4: Chagua mlango wako

Milango si mmoja. Kuna chuo: Kenyatta University wana sanaa na ufinyanzi ndani yake, na Kampala kuna Makerere, skuli yao ya sanaa ya Margaret Trowell. Kwa nje, serikali ya Uchina ina skolashipu kupitia CSC, baraza lao la skolashipu, inayoweza kulipa karo, malazi na posho, na Jingdezhen kuna chuo kizima cha kauri. Kauri nyingi za bluu na nyeupe zilizofukuliwa Gede zilitoka mji huohuo, mtu wa Malindi akiandika hilo kwenye barua yake hadanganyi wala hajipendekezi. Japani wana skolashipu ya MEXT, wizara yao ya elimu.

Kuna residensi, yaani unakaa mahali unafanya kazi yako kwa muda, hakuna mtihani wala digrii. Archie Bray iko Helena, Montana, ilianza 1951 kwenye kiwanda cha matofali. EKWC, kituo cha kauri, iko Oisterwijk Uholanzi, watu hukaa miezi mitatu, lakini unachangia gharama kwa hivo utafute mfadhili mapema. Shigaraki Japani nao wanapokea wasanii wa nje.

Na kuna kazi, ambayo watu wanaisahau. Kazuri, kile kiwanda cha shanga pale Karen Nairobi, walianza 1975 na kina mama wawili wakitengeneza shanga za udongo. Jiko la bati lenye udongo ndani limeenea Kenya tangu miaka ya 1980 na ule udongo wa ndani lazima mtu aufinyange. Halafu uchimbaji wa mambo ya kale, kuanzia 2010 Makumbusho ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking walichimba Mambrui, na pakichimbwa kunahitajika watu wa kuosha, kuchambua na kuchora vigae. Anayejua kufinyanga anaona alama ya kidole kwenye kigae pale mwenye digrii anapoona kipande tu.

HATUA YA 5: Barua na hela

Barua iandike kwanza kwa Kiswahili, kama unamsimulia mtu barazani, halafu ndio uitafsiri, ukianza moja kwa moja na Kiingereza utaandika maneno ya kila mtu. Nusu ukurasa. CV ukurasa mmoja. Pasipoti itafute sasa, sio ukishaitwa. Na soma vizuri nani analipa nini: tiketi, chakula, udongo, kuchoma, bima. Kuna mialiko mizuri sana ambayo kila kitu unalipa wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtu wa Amu: Asalaam aleikum mwalimu. Mie nafanya vyetezo, shida yangu ni kuchoma, mji wetu nyumba zimebanana na juu kuna makuti, jirani akiona moshi anakuja na ndoo. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam. Jirani ana haki, usichome mjini kabisa. Toka nje ya mji mahali wazi, uombe ruhusa ya mwenye eneo, na uache moto wa kuni, tumia pipa na maranda. Nyinyi mna wachonga milango na waunda vyombo, maranda yanamwagwa tu. Toboa pipa matundu machache ubavuni, panga vyetezo vilivyokauka kabisa, jaza maranda katikati yake, washa juu, funika na bati, yaungue polepole mpaka kesho yake. Vinatoka vyeusi vya moshi vizuri sana, ukiwa umevisugua kwa kijiwe kabla ndio vitang'aa. Maji havishiki, lakini chetezo na maji wapi na wapi.

Kijana wa Watamu: Prof mimi nilipata C minus KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, chuo kikuu si ndio nimeshafungiwa?

Jibu: Digrii moja kwa moja inataka C plus, ndio. Lakini C minus inakuingiza diploma, usome sanaa kisha upande. Na residensi hazikuulizi KCSE, zinauliza kazi. Rudi hatua ya 1 na 3.

Guidi wa bichi: Mwalimu mimi Kitaliano naongea kama maji, miaka kwa wageni. Inanisaidia kitu?

Jibu: Inakusaidia kuliko unavodhani. Faenza huko Italia ni mji wa kauri, makumbusho yao ya kimataifa yapo tangu 1908, na wana shindano la kimataifa kila baada ya miaka miwili. Wengi hapa wanaogopa fomu za Kitaliano, wewe huogopi. Lakini kuongea na kuandika ni vitu viwili, tafuta wa kukusahihisha barua.

Mama wa binti: Shikamoo mwalimu. Binti yangu kaacha kompyuta anataka udongo. Atakula nini? Na hilo vumbi halitamdhuru kifua?

Jibu: Marahaba Bi mkubwa. Nianze na kifua kwasababu ndio swali zito. Vumbi la udongo mkavu lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), ukilivuta miaka na miaka linaharibu mapafu. Asifagie chumba kikavu, apanguse na kitambaa kibichi, na akitwanga udongo mkavu avae barakoa nzuri. Kula, mwaka wa kwanza asitegemee udongo peke yake. Aendelee na kompyuta huku anafinyanga, wafinyanzi wanaojua kupiga hesabu na kuuza mtandaoni ni wachache mno.

Asiye na jina: Nimepata barua pepe nimechaguliwa residensi Ulaya, sikumbuki kuomba, wanataka dola 200 za kushughulikia viza kwa Western Union.

Jibu: Usitume hata senti. Viza unaomba mwenyewe ubalozini au kwa wakala wao rasmi, na risiti inatoka huko. Ada ya maombi ipo kweli sehemu nyingine, ila inatajwa kwenye tangazo kabla hujaomba, haiji baada ya kuchaguliwa kitu ambacho hukuomba.

Asiye na jina: Nilishatuma 50 mwalimu.

Jibu: Pole sana. Nenda ulikotumia leo leo na risiti, kama haijachukuliwa waombe waisimamishe. Na hiyo anwani ya barua pepe ibandike hapa chini wenzako waione.