Kabla Mvua Hazijaanza: Kuandaa Bima ya Nyumba na Madai ya Fidia Nairobi

Mvua za masika hunyesha Nairobi kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli hufuata kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ya kuitoa hati ya bima kabatini na kuisoma kwa utulivu. Mwaka 2024, masika yalifurisha mito ya jiji na kuzamisha nyumba Mathare, Mukuru na mitaa mingine mingi, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikasogea pwani ya Afrika Mashariki wakati ardhi tayari imelowa. Fidia ya hasara kama ile hutegemea zaidi kazi iliyofanywa kabla ya mvua kuliko maombi yanayofuata baadaye, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maandalizi.

Jambo la kwanza ni kujua bima yako inakinga kitu gani hasa. Bima ya nyumbani inayouzwa na kampuni nyingi za Kenya hugawanywa katika sehemu: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya thamani vinavyobebwa nje ya nyumba kama kompyuta na vito, wafanyakazi wa nyumbani, na dhima, yaani wajibu wa kulipa, ya mwenye nyumba au mkaaji kwa watu wengine. Mpangaji hahitaji sehemu ya jengo, lakini asidhani kwamba bima ya mwenye nyumba itamlipia kochi lake lililoloa, kwa maana bima hiyo hukinga kuta na paa tu. Anayemiliki fleti aiulize kampuni inayosimamia jengo kama imelikatia bima jengo zima, kisha aombe nakala ya hati yenyewe badala ya kuridhika na jibu la mdomo.

Tafuta ndani ya mkataba maneno yanayotaja dhoruba, mafuriko na kufurika kwa matangi ya maji, halafu usome kwa makini zaidi ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, kwa kuwa humo mara nyingi utakuta kudidimia kwa ardhi, maporomoko, uchakavu wa polepole, na pengine ua na lango. Paa ambalo limekuwa likivuja kwa miaka halilipiwi kama hasara ya dhoruba. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko na mtu hulazimika kukata bima nyingine ya mafuriko, hivyo usiuchukue na kuuhamishia hapa bila kulinganisha na hati iliyo mkononi mwako.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu huwaumiza watu kuliko yote, ni kiasi cha bima. Mtu akitaja thamani ndogo ili alipe ada ndogo, kampuni ina haki ya kumlipa kwa uwiano uleule. Tuseme vyombo vyako vyote vina thamani ya shilingi 2,000,000 nawe umevikatia bima ya shilingi 1,000,000. Mafuriko yakiharibu vyombo vya shilingi 400,000, utahesabiwa nusu, yaani 200,000, na hapo bado hakijaondolewa kile kiasi ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe katika kila dai. Kwa upande wa jengo, kosa huwa kinyume chake: watu hutaja bei ya kununulia, ambayo Nairobi imebeba pia bei ya ploti, ilhali kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya pamoja na kuondoa kifusi na kuwalipa wasanifu. Gharama hiyo hupanda kila bei ya saruji na mabati inapopanda, kwa hiyo thamani iliyoandikwa miaka mitano iliyopita haifai tena. Uliza pia kama utalipwa bei ya kitu kipya au bei iliyopunguzwa kwa uchakavu, kwani kwa jokofu la miaka minane tofauti ni kubwa.

Sema ukweli wote unapojaza fomu. Nyumba ikiwa karibu na mto, ikiwa iliwahi kuingiliwa na maji, au ikiwa hukaa tupu kwa wiki nyingi, liandike jambo hilo hata kama ajenti anakuambia si lazima, kwa sababu siku ya dai atakayeulizwa ni wewe. Kanuni za rasilimali za maji zinatambua ukanda wa mto, yaani ardhi ya kando yake, wa kati ya mita 6 na 30, na jengo lililo ndani ya ukanda huo lina tatizo la kisheria ambalo bima haiwezi kuliondoa. Ada nayo ilipwe moja kwa moja kwa kampuni, si kwenye simu ya mtu binafsi, maana sheria ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Pita chumba baada ya chumba ukirekodi video, fungua makabati, taja kwa sauti kila kitu na mwaka ulioununua, na upige picha za nambari za utambulisho nyuma ya televisheni, jokofu na mashine ya kufulia. Risiti ya duka la Luthuli Avenue hufifia wino kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo ipige picha siku ileile. Kitanda au kabati lililotengenezwa na fundi wa kando ya Ngong Road mara nyingi halina risiti kabisa; mwombe fundi akuandikie karatasi yenye tarehe, bei na sahihi, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa uliomlipia. Rekodi hizi zote, pamoja na nakala ya hati ya bima na hatimiliki, zitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe na kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, kwani simu nayo inaweza kuzama.

Utabiri ukionya juu ya mvua kubwa, zibua mitaro na mifereji ya paa, inua vyombo vya umeme kutoka sakafuni na upige picha za kazi hiyo. Mkataba humtaka mwenye bima achukue tahadhari za kawaida, na picha hizo zitaonyesha kwamba ulizichukua.

Maji yakiingia, uhai hutangulia mali: zima swichi kuu ya stima ikiwa unaweza kuifikia bila kukanyaga maji, na uondoke. Ukirudi, usifagie kwanza. Tope huacha mstari ukutani. Weka futi ya fundi kando yake, kuanzia sakafuni, na upige picha inayoonyesha vipimo, kwa sababu mstari huo ndio utakaoeleza kwa nini droo za chini zimeharibika na za juu ni salama. Usijaribu kuwasha jokofu lililoloa ili kuona kama bado linafanya kazi. Mwite fundi aandike ripoti kwamba maji yaliingia kwenye injini yake. Toa maji, funika paa lililofunguka, utunze risiti za kazi hizo za dharura, lakini usitupe godoro wala zulia mpaka kampuni iseme, au ikiwa limeanza kuoza, mpaka ulipige picha na kuiarifu. Wezi wakiwa wameingia wakati nyumba iko tupu, piga ripoti polisi na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Iarifu kampuni siku hiyohiyo kwa simu, kisha kwa maandishi, kwa kuwa mikataba huweka muda mfupi wa kutoa taarifa. Itamtuma mkadiriaji wa hasara, ambaye kazi yake ni kupima chanzo na kiasi. Mpokee kwa heshima, mpe orodha iliyochapwa, tembea naye chumba kwa chumba, na usiongeze hata sufuria moja ambayo hukuwa nayo, kwani uongo mdogo unaweza kuliua dai zima. Pata makadirio ya matengenezo kutoka kwa mafundi wako pia, ili uwe na cha kulinganisha na takwimu zake.

Ofa itakapokuja, soma hati ya kukubali malipo kabla ya kutia sahihi, kwa sababu kwa kawaida husema kwamba fedha hizo zinamaliza dai lote. Ikiwa hukubaliani, omba kwa maandishi hesabu iliyotumika na kifungu cha mkataba kilichotegemewa. Sheria ya Bima imeweka muda wa siku 90 wa kulipa madai, na kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu ya kueleweka, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, yenye makao Upper Hill, ukiambatisha hati ya bima, fomu ya dai na kila barua mliyoandikiana, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.