SOMO: Jinsi mji unavyofuatilia na kudhibiti mbu mtaa kwa mtaa (na kwa nini gari la dawa huja mwisho)

Wakuu habari za muda huu. Kila mvua zikikolea malalamiko ni yale yale, mbu wamezidi, viongozi wamelala, lile gari la kupuliza dawa liko wapi. Sasa mimi shughuli zangu ndo hizi hizi za mbu, nimeona niweke somo zima hapa maana kile ambacho wengi tunakililia kwenye mpangilio wa kazi kinakuja karibu na mwisho, na nikisema ukweli ndo chenye nguvu ndogo kuliko vyote. Mji unaojua kazi unahesabu kwanza, dawa baadaye. Twende.

HATUA YA 1: Jua unapambana na mbu gani

Duniani kuna aina za mbu zaidi ya 3,500, na anayeuma ni jike tu, ila mjini makundi ya kuyajua ni matatu. Anofelesi ndo wa malaria, anauma usiku, ukimwona ametua ukutani mkia umeinuka juu. Kuleksi ndo yule wa kukupigia kelele sikioni, huyu anapenda maji machafu, mitaro iliyoziba, makaro, vyoo vya shimo vyenye maji, na ndo anayeeneza matende na mabusha, na kule Marekani ndo alieneza virusi vya Nile Magharibi vilivyoonekana New York mwaka 1999. Aedesi ni mweusi ana madoa meupe miguuni, anauma mchana hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, huyu ndo wa dengi, chikungunya, zika na homa ya manjano, anataga kwenye vyombo: ndoo, matairi, vifuniko, visahani vya maua, matangi yasiyofunikwa.

Usiruke hii hatua. Mji wenye mlipuko wa dengi ukienda kumwaga dawa kwenye mtaro mkubwa umepoteza hela na nguvu, maana mbu wa dengi hayuko huko, yuko kwenye pipa uani kwa mtu.

HATUA YA 2: Gawa mji vipande vipande

Unachukua ramani unagawa maeneo madogo, kila kipande mtu mmoja aweze kukimaliza kwa miguu ndani ya wiki. Kwa nini wiki? Kwenye joto, yai la mbu linakuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo ukipita kila baada ya siku 7 unawakuta bado wako majini, ukipita kila mwezi unakuta walishahama zamani wewe unahesabu maji matupu.

Dar es Salaam iliwahi kufanya hivi, mpango wake wa kudhibiti malaria mjini ulianza 2004, na 2006 ikaanza kuweka dawa ya viluwiluwi kwenye kata 3 za mwanzo, na waliokuwa wanatembea kukagua maji ni wakazi wa humo humo mitaani sio wageni kutoka ofisini. Hii naikubali sana, maana mkazi anajua nyuma ya ukuta fulani kuna msingi wa nyumba uliotelekezwa umejaa maji, mgeni anapita tu nje.

Kila dimbwi, karo, mtaro na tangi bovu linapewa namba na linaingia kwenye ramani, hata kama leo ni kavu. Kavu ya leo ni dimbwi la wiki ijayo mvua ikinyesha.

HATUA YA 3: Chota, angalia, andika

Kifaa ni kikombe cheupe chenye mpini mrefu, cha kawaida kinabeba kama mililita 350. Weupe ni ili viluwiluwi vionekane. Sasa hapa wengi wanakosea: unakuja umelipa jua mgongo, kivuli chako kinaangukia maji, viluwiluwi vyote vinazama chini halafu unaandika "hakuna". Jua likae mbele yako, tembea polepole, chota pembeni kwenye nyasi na takataka zinazoelea, sio katikati, na ukishachota mara ya kwanza subiri kidogo viluwiluwi virudi tena juu.

Kutofautisha ni rahisi ukizoea. Kiluwiluwi cha anofelesi kinalala sambamba na uso wa maji. Cha kuleksi na aedesi kinaning'inia kichwa chini, mrija wake wa kupumulia ndo umegusa juu. Ukiona pupa, vile vilivyojikunja na kichwa kikubwa, andika kwa kalamu nyekundu kabisa, maana pupa anabakiza siku moja mbili awe mbu, na kukuta pupa wengi kwenye kipande kinachokaguliwa kila wiki maana yake kuna mtu wiki iliyopita hakufika alikosema amefika. Mimi ripoti za wakaguzi naanzaga kusoma hapo kwenye pupa.

Kwa aedesi hauchoti, unaingia nyumba kwa nyumba unakagua vyombo. Kuna hesabu mbili za kawaida, asilimia ya nyumba zenye viluwiluwi, na idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100 (hii inaitwa kipimo cha Breteau). Kwa homa ya manjano WHO kwa miaka mingi ilichukulia kipimo hicho kikiwa chini ya 5 hatari ni ndogo, kikizidi 50 hatari ni kubwa. Kwa dengi usikitegemee peke yake, dengi imewahi kusambaa hata sehemu zenye vipimo vya chini.

HATUA YA 4: Tega mitego

Viluwiluwi vinakwambia nini kinakuja, mitego inakwambia nini kipo saivi. Kuna mtego wa taa wenye feni ya kufyonza, mara nyingi unawekewa na barafu kavu inayotoa hewa ya ukaa, mbu anadhani kuna mtu anapumua pale. Kuna wa ndoo yenye maji ya nyasi yaliyochachuka, harufu mbaya kweli kweli lakini kuleksi jike mwenye mayai anaikimbilia, na huyu ni wa thamani maana tayari ameshanyonya damu ya mtu au ndege, kama kuna virusi utavikuta kwake. Halafu kuna kikopo cheusi chenye maji na kipande cha kitambaa, cha kukusanya mayai ya aedesi. Hiki cha mwisho usipokirudia ndani ya wiki umewafungulia mbu kiwanda, kwa hiyo kama hauna watu wa kutosha bora usikiweke.

Mtego unakaa sehemu ile ile kila wiki. Ukihamisha hamisha namba zako hazilinganishiki tena. Asubuhi mbu wanaletwa wanatenganishwa kwa aina, jike kwa dume, wanahesabiwa kwa kila mtego kwa usiku mmoja, na pale penye wasiwasi wa ugonjwa wanapangwa mafungu, mara nyingi hadi 50 kwa fungu, yanaenda maabara kupimwa virusi. Faida yake fungu linaweza kuonyesha virusi kabla hospitali haijapokea mgonjwa hata mmoja.

HATUA YA 5: Ondoa maji, ndo ufikirie dawa

Namba zikishakaa mezani mji unajua kipande gani kimepanda. Kabla ya dawa yoyote ni kuzibua mtaro, kufukia shimo, kutoboa tairi au kuliweka chini ya paa, kufunika tangi kwa wavu mdogo, kusugua pipa. Nimesema kusugua sio kumwaga tu, mayai ya aedesi yanagandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Havana mwaka 1901 walifuta homa ya manjano mjini ndani ya miezi michache, na kazi kubwa ilikuwa ni kuingia majumbani kufunika na kumwaga maji, wakati huo dawa za kisasa hazipo.

HATUA YA 6: Dawa ya viluwiluwi

Maji usiyoweza kuyaondoa ndo unayawekea dawa. Inayotumika sana ni bakteria anayeitwa Bti, aligunduliwa 1976 kwenye jangwa la Negev huko Israeli. Kiluwiluwi anamla, sumu inaharibu utumbo wake, ndani ya siku moja amekufa, na watu, samaki na nyuki hawadhuriki. Ila ina mambo yake: lazima aile, na pupa hali chochote kwa hiyo ukichelewa haifanyi kitu. Pia haikai sana, wakati mwingine siku chache tu, ndo maana ile ziara ya kila wiki haina mbadala. Kwenye maji machafu sana bakteria ndugu yake anayeitwa sphaericus anadumu zaidi, lakini kwake kuleksi wameshaonyesha usugu (yaani dawa haiwaui tena) sehemu kadhaa, msimwage huyo huyo miaka nenda rudi. Kwenye majani mengi tumia ya chenga, ya maji itagandia juu ya majani.

HATUA YA 7: Gari la dawa

Haya, ndo hili sasa. Linatoa matone madogo sana ambayo yanabaki hewani, na linaua mbu anayeruka dakika hizo tu. Aliye ndani ya kabati yuko salama, kiluwiluwi kwenye pipa hana habari. Kwa hiyo linatoka pale ambapo kuna ugonjwa au mitego imepanda mno na unataka kupunguza haraka, linatoka jua likizama au alfajiri, upepo ukiwa mdogo.

Na kabla ya kulitoa unapima usugu. Unafungia mbu wa mtaa huo kwenye bomba lenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa 1, unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa 98% kwenda juu dawa inafanya kazi, chini ya 90% usugu upo, badilisha. Mji unaopuliza bila kupima unatembeza harufu tu.

Baada ya hapo unarudi hatua ya 3 na ya 4 kwenye kipande kile kile, kuona namba zimeshuka au la.

Maswali leteni.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo, ila kwetu walipuliza juzi na jana mbu walikuwa vile vile, dawa feki?

Jibu: Inaweza ikawa dawa, usugu, au muda mbaya, ila mara nyingi ni kwamba waliokufa wamekufa kweli na pupa waliokuwa majini wakatoka siku iliyofuata. Ulizeni kama kabla ya kupuliza mazalia yalikaguliwa. Kama hapakukaguliwa basi jibu mnalo.

Swali: Kufyeka nyasi kunasaidia? Huku kila jumamosi tunafyeka.

Jibu: Mbu hazaliani kwenye nyasi, anajipumzisha tu humo kukwepa jua. Kunasaidia kidogo, na kunasaidia kuona makopo yaliyojificha humo. Hiyo jumamosi nusu yake itumieni kutafuta maji.

Swali: Choo chetu ni cha shimo kina maji na mbu wanatoka kama moshi, nimwage oili chafu?

Jibu: Hapana dada, oili inawaua kweli kwa kuziba hewa lakini inaingia ardhini na kwenye visima. Kuna njia nzuri sana ya vipunje vya plastiki nyepesi vile vyeupe vinavyoelea, unamwaga tabaka la sentimita kadhaa, mbu hawezi kutaga na kiluwiluwi hapati hewa. Ilifanyika Makunduchi, Zanzibar, miaka ya 1980 mwishoni pamoja na kuwapa watu dawa za matende, na mbu walipungua mno. Vinakaa muda mrefu kama shimo halifuriki. Na funika bomba la hewa kwa wavu.

Swali: Samaki je?

Jibu: Kwenye tangi au kisima kilichojitenga sawa. Usiwaachie mtoni wala bwawani, yule anayeitwa gambusia amemaliza samaki na vyura wa asili sehemu nyingi.

Swali: Vipi zile taa za zambarau na programu za simu za kufukuza mbu kwa mlio?

Jibu: Taa inaua vipepeo na wadudu wengine wasio na hatia, mbu wachache. Mlio haufanyi chochote, futa upate nafasi ya picha.

Swali: Nimesikia kuna nchi zinaachia mbu makusudi, si wendawazimu huo?

Jibu: Hapana bro. Wanaachia aedesi wenye bakteria anaitwa Wolbachia. Kuna namna mbili, Yogyakarta huko Indonesia waliachia dume na jike ili bakteria asambae na virusi visikue vizuri ndani ya mbu, matokeo yalitoka 2021, dengi ilipungua kwa 77% kwenye maeneo yaliyoachiwa. Singapore wao wanaachia madume tu, hayaumi, yakipanda jike wa mtaani mayai hayaanguliki. Ila Singapore hawakuacha kukagua nyumba na kupiga faini, na hilo watu hawalisemi.

Swali: Malaria si ni ya vijijini? Mjini tunahangaika nayo ya nini?

Jibu: Zamani ungekuwa na hoja kiasi. Kuna anofelesi stefensi, asili yake Asia, alionekana Djibouti 2012 na baadaye Ethiopia, Sudan, Kenya na kwingine. Huyu anazaliana kwenye matangi na mapipa mjini, tena maeneo ya ujenzi. Ndo maana mkaguzi wa vyombo siku hizi hatakiwi kuandika "aedesi" kwa mazoea, akikuta kiluwiluwi kimelala sambamba kwenye tangi alete maabara.

Swali: Jirani amefunga geti yuko safari, uani kuna bwawa la kuogelea limegeuka kijani. Mimi nifanyeje?

Jibu: Usiruke ukuta. Peleka taarifa ofisi ya afya ya eneo lako, sehemu nyingi sheria za afya ya jamii zinaruhusu maafisa kutoa notisi na kuingia kama mwenye nyumba hajibu. Na taarifa yako iwe na nyama: sehemu gani hasa, mbu wanakuuma saa ngapi, mchana au usiku, maji yako wapi, picha ya viluwiluwi kama unaviona. "Mbu wamezidi" haimpeleki mtu popote, ila "wanatuuma saa kumi jioni, upande wa bwawa" inampa mkaguzi pa kuanzia kesho asubuhi.