Namna ya Kuitambua na Kuiepuka Barua Pepe ya Kitapeli Chuoni

Barua pepe za kitapeli huja kwa wingi chuoni katika majira ambayo watu wanasubiri jambo: wiki za usajili, dirisha la maombi ya mkopo, siku za kutangazwa matokeo. Mwanafunzi anayengoja fedha za kujikimu akipokea ujumbe usemao kwamba taarifa zake za benki zina kasoro, ataufungua mara moja, na pengine atajaza kila anachoulizwa kabla hajatafakari. Anachokitafuta mtumaji, mara nyingi, ni jina la mtumiaji na nywila, kwa kuwa akaunti moja ya chuo hufungua barua, mfumo wa matokeo na maktaba ya kielektroniki.

Chukua mfano wa ujumbe wa aina hii: "Mpendwa Mtumiaji, sanduku lako la barua limejaa kwa asilimia 98. Thibitisha akaunti yako ndani ya saa 24, la sivyo itafungwa." Juu pameandikwa Kitengo cha TEHAMA, chini pamewekwa nembo ya chuo, na katikati pana kiungo cha kubofya. Ushauri wa kutafuta makosa ya tahajia, ambao bado unarudiwa katika semina nyingi, kwa maoni yangu umepitwa na wakati, kwa sababu siku hizi programu za akili mnemba humwandikia tapeli Kiswahili safi na Kiingereza safi bila gharama. Nembo nayo hunakiliwa kwa dakika moja. Kinachopaswa kukushtua ni mambo mawili yakikutana: unaharakishwa, na unatakiwa kuingiza nywila kupitia mlango ambao mtumaji mwenyewe amekufungulia.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuitazama anwani halisi ya mtumaji, si jina linaloonekana, kwani jina mtu hujiandikia lolote. Programu nyingi za barua kwenye simu huonyesha jina pekee. Liguse, na anwani kamili itajitokeza. Kisha kitazame kiungo kabla ya kukifungua: kwenye kompyuta weka mshale juu yake bila kubofya, na kwenye simu kishikilie kwa kidole mpaka anwani ionekane.

Kuisoma anwani hiyo kunahitaji uangalifu, na hapa ndipo hata wasomi hunaswa. Tuseme chuo chako kinatumia chuochetu.ac.tz, na kiungo ulicholetewa ni https://chuochetu.ac.tz.uhakiki-akaunti.com/ingia. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata, kisha soma kurudi kushoto kuanzia hapo. Utakutana na uhakiki-akaunti.com, na huyo ndiye mwenye tovuti, maneno chuochetu.ac.tz yaliyotangulia ni pambo tu, ambalo mmiliki wa kikoa chochote, yaani jina la tovuti lililosajiliwa, anaweza kulibandika mbele ya jina lake. Anwani ya kweli ingekuwa na chuochetu.ac.tz mwishoni kabisa, kabla ya mkwaju, kwa mfano barua.chuochetu.ac.tz/ingia. Alama ya kufuli kwenye kivinjari isikutulize, maana huthibitisha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa njiani, yaani yamefichwa yasisomwe na mtu wa kati. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili, na tapeli huipata kwa urahisi kama chuo kinavyoipata.

Hata hivyo, si kila barua ya kitapeli hutisha. Machi 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya raia tisa wa Iran, ikiwatuhumu kuingilia mifumo ya vyuo vikuu 144 vya Marekani na vingine 176 katika nchi 21. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, akaunti zaidi ya 100,000 za wahadhiri zililengwa, na takriban 8,000 zikaingiliwa. Barua zao zilijifanya zimetoka kwa profesa wa chuo kingine aliyevutiwa na makala ya mhadhiri na kumpa viungo vya makala nyingine. Aliyebofya alifikishwa kwenye ukurasa uliofanana na ule wa kuingilia mfumo wa chuo chake mwenyewe. Mtafiti anayependa kazi yake isomwe, na nani asiyependa, ajihadhari na sifa kama anavyojihadhari na vitisho.

Kinga iliyo imara kuliko zote ni kutoingia kamwe kwenye akaunti kupitia kiungo cha barua. Ukiambiwa akaunti ina tatizo, funga barua hiyo, fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya mfumo wa chuo, uone kama tatizo lipo. Ukiambiwa ada ilipwe kwa namba mpya, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uitafute humo kumbukumbu namba ya malipo. Programu ya kutunza nywila husaidia sana hapa, kwa kuwa hulinganisha anwani herufi kwa herufi na haitajaza nywila kwenye ukurasa wa bandia. Ikigoma, usiinakili nywila kwa mkono. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ambao baada ya nywila hudai uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu yako, ila tambua kwamba ukurasa wa bandia unaweza kukuomba na ile namba ya uthibitisho, ukaitumia papo hapo.

Barua inayotoka kwenye akaunti ya kweli ya mwenzako, iliyokwisha kutekwa, ni ngumu zaidi, kwa sababu anwani yake haina kasoro. Mkuu wa idara akikuandikia kwamba yuko kikaoni na umnunulie vocha, mpigie simu. Vivyo hivyo kwa ofisi ya uhasibu: mwaka 2017 Chuo Kikuu cha MacEwan nchini Kanada kilihamisha dola za Kanada milioni 11.8 baada ya walaghai kujifanya mkandarasi aliyebadili akaunti ya benki. Badiliko la namna hiyo lithibitishwe kwa kupiga namba iliyomo kwenye mkataba, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Ikiwa umekwisha kuingiza nywila, usingoje wala usione haya. Ibadilishe mara moja kupitia tovuti halisi, na popote pengine ulipoitumia, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Fungua mipangilio ya barua ukague kanuni za kuelekeza ujumbe, kwani mvamizi huacha humo agizo la kumpelekea nakala za barua zako au kufuta majibu usiyaone, na agizo hilo hubaki hata nywila ikibadilishwa. Halafu kijulishe kitengo cha TEHAMA kwa simu au kwa kufika ofisini, ukiwapelekea ile barua kama kiambatisho badala ya picha, ili taarifa za njia iliyopitia zibaki nzima na waweze kuizuia isiwafikie wengine.