Ukienda Siena, kaa chini kwanza

Kila ndugu akinitembelea hapa Florence, Italia, humpeleka mji jirani wa Siena siku moja, na kila mara maelezo ni yaleyale. Bora niyaandike.

Panda basi, achana na treni. Stesheni iko bondeni na mji uko mlimani. Basi litakushusha Piazza Gramsci, na kutoka hapo ni mwendo wa kama dakika kumi hadi Piazza del Campo, uwanja mkuu wa mji. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti usiende, labda uwe unafuata mbio za farasi zinazofanyika hapo uwanjani. Siku hizo uwanja humwagwa udongo na watu hujaa pomoni.

Ukitokeza uwanjani, usikimbilie tiketi. Kaa juu ya matofali kama wanavyokaa wenyeji. Uwanja umeinama kuelekea kwenye jumba, na mistari ya mawe meupe imeugawa vipande tisa. Vihesabu. Ndilo Baraza la Tisa hilo, viongozi tisa waliotawala Siena mwaka 1287 hadi 1355, na jumba lile pale chini, Palazzo Pubblico, walianza kulijenga 1297. Mimi mara ya kwanza nilijitia kukaa kwenye kiti cha mkahawa hapo uwanjani. Bili ilipoletwa nikaisoma mara mbili. Siku hizi kahawa nainywa nimesimama kaunta, vichochoro vya nyuma.

Ndani ya jumba, vyumba vingi pita tu. Muda wako uutunze kwa chumba walimokutania wale Tisa, ambacho kuta zake zilichorwa na mchoraji Ambrogio Lorenzetti mwaka 1338 na 1339, kuonyesha utawala mwema na utawala mbaya. Ukutani mtafute mwanamke aliyepakata randa. Ndiyo, randa ya seremala! Jina lake Concordia, yaani Mapatano, na randa hiyo ni ya kusawazisha watu, asijitokeze mmoja juu ya wenzake. Kamba mbili zinashuka kutoka kwenye mizani ya Haki, naye kachorwa kama mwanamke, Concordia anaziunganisha na kuwapa raia 24 waliojipanga, kila mmoja ameishika. Baba yangu ni seremala, nilipomsimulia kwa simu aliuliza tu, "Ya mbao au ya chuma?"

Kisha linganisha miji miwili iliyochorwa humo, mmoja wa kila utawala. Kwenye utawala mwema mafundi wako juu wanajenga, mshona viatu yuko kazini, mwalimu ana wanafunzi wake. Ukuta wa utawala mbaya umebanduka sana, lakini tafuta fundi anayefanya kazi: utamwona mmoja tu, mfua silaha.

Mnara, Torre del Mangia, ni wa mwenye magoti mazima: ngazi kama 400, nyembamba, na lifti hakuna. Mama mdogo alizitazama akasema nendeni, nitawasubiri. Tuliposhuka tulimkuta kajinyoosha uwanjani, viatu kavua, mtandio usoni, anakoroma.