Kimbunga Kikitangazwa: Namna ya Kuokoa Chombo kwa Wenye Vyombo wa Mtwara na Lindi

Mwenye chombo wa Mtwara au Lindi anaijua kusi, upepo wa kutoka kusini, tangu utotoni. Huanza kuvuma tangambili ya Aprili, kipindi cha upepo kubadilika, inapokwisha, hukaza kati ya Juni na Agosti wakati wa kipupwe, na kila nahodha ana kipimo chake cha siku ya kutoka na siku ya kubaki pwani. Kimbunga hakifuati kipimo hicho. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa balaa la Msumbiji na Madagaska, ingawa kile cha Aprili 1872 kiliangamiza vyombo vya Unguja pamoja na merikebu za Sultani Barghash, na kingine kiliipiga Lindi mwaka 1952. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita karibu na mpaka wetu na kutua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25, na mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia na kuijaza Kilwa mvua. Aprili na Mei ni miezi ambayo mwenye mashua, dau, ngalawa au boti ya faiba anapaswa kuwa na mpango uliokwisha kufikiriwa, si wa kubuni siku hiyo.

Msingi wa mpango huo ni maji, kabla hata ya upepo. Onyo kwa kawaida hutangulia kimbunga kwa siku mbili au tatu, muda unaoonekana kuwa mrefu. Lakini chombo kizito hupandishwa ufukweni au huingizwa horini, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, wakati maji yamejaa tu, na katika siku tatu maji hujaa mara sita hivi, ambapo karibu nusu yake huwa gizani. Anayesema asubiri siku moja aone hali itakavyokuwa amekwisha kupoteza theluthi ya nafasi zake, na zilizobaki atagombania na wenzake wote waliosubiri kama yeye.

Hesabu ya mwezi huongeza uzito wa jambo hili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kuna bamvua, yaani maji makubwa, na tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inaweza kukaribia mita nne. Karibu na siku ya 7 na ya 22 za mwezi mwandamo kuna maji mafu, yasiyopanda sana, na chombo hakielei hadi juu ya ufuko. Kenneth kilifika wakati wa maji mafu, mwezi mpevu ukiwa umepita siku sita. Hali hiyo ina faida na hasara zake. Bahari haipandi sana juu ya nchi kavu, lakini mwenye mashua aliyezoea kuipandisha kwa bamvua hulazimika kuisukuma mwenyewe juu ya magogo kwa umbali mrefu zaidi, na kwa hiyo anahitaji watu wengi na saa nyingi. Mara tu onyo linaposikika, jambo la kwanza ni kuuliza mwezi una siku ngapi, kisha kuandika saa za maji kujaa kwa siku zilizobaki.

Kuhusu onyo lenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa viwango vitatu, ambavyo ni Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa na Tahadhari Kubwa kwa rangi nyekundu. Angalizo la kawaida la kipupwe hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na mabaharia wengi wamelizoea kiasi cha kulidharau. Dhoruba ya bahari yetu huitwa kimbunga kamili upepo wake unapofikia kilomita 118 kwa saa. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikiongezeka mara tatu, kutoka 40 hadi 120, msukumo wake juu ya mlingoti na ubavu wa chombo huongezeka mara tisa. Kamba iliyostahimili kusi kali kwa miaka mitano haijathibitisha lolote mbele ya nguvu hiyo.

Swali la pili la kuuliza, baada ya lile la maji, ni kama kitovu cha kimbunga kitapita kaskazini au kusini yako. Katika nusu yetu ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikipita kusini yako, kama Kenneth kilivyopita kusini ya Mtwara, upepo mkali utatoka nchi kavu, upande wa magharibi, na hatari kubwa ni chombo kung'oka na kupelekwa bahari kuu. Kikipita kaskazini yako, kama Hidaya kilivyopita kaskazini ya Lindi, upepo utatoka baharini, utasukuma maji juu ya ufuko na kukigonga chombo kwenye miamba au kukipandisha barabarani. Juu ya hayo, bahari yenyewe huumuka kwa sababu kanieneo ya hewa imeshuka, takriban sentimita moja kwa kila hektopaskali (kipimo cha kanieneo) inayopungua. Ukisimama ukielekea upepo unakotoka, kitovu kitakuwa upande wa mkono wako wa kushoto, kidogo nyuma yako. Kanuni hiyo ni ya zamani na haihitaji simu.

Kwa chombo chochote kinachoweza kubebwa au kusukumwa na watu, pandisha. Sioni sababu ya kuacha boti ya faiba ya mita sita majini kwa kuitumainia nanga, isipokuwa uvivu. Ipeleke juu kabisa ya mstari wa mwani uliotupwa na bamvua iliyopita, na kama ufuko ni tambarare, kama ulivyo sehemu nyingi za Msimbati, endelea hadi uvuke tuta la mchanga. Ng'oa mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga. Ondoa mashine, tangi la mafuta, nyavu na kila kinachopepea. Chimba mfereji wa kina kifupi ili mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukae ndani yake, kisha egemeza mbavu zote mbili kwa viroba vya mchanga badala ya nguzo za miti, kwa kuwa nguzo huteleza mchanga unapolowa. Usifunge kwenye mnazi wala mvinje. Mnazi wenyewe unaweza kusimama, lakini makuti na madafu yake yatavunja kile ulichotaka kukilinda, na mvinje una mizizi ya juujuu inayong'oka kirahisi. Ni bora kuzika gogo zito kwa kina cha mita moja, likiwa limelala mkingamo na kamba imefungwa katikati yake. Gogo la namna hiyo hushika kuliko mti mwingi uliosimama.

Boti ya faiba ikishakaa vizuri inaweza kuongezewa uzito kwa kutiwa maji hadi robo yake. Usifanye hivyo kwa mashua ya mbao, kwa sababu ikiwa nchi kavu hakuna bahari ya kuisukuma kutoka nje, na uzito wa maji ndani hufungua maungio na kutoa kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Mbao zipewe viroba vya mchanga vilivyolazwa juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo. Mtumbwi hupinduliwa na kufungwa kwa vigingi. Ngalawa inahitaji uangalifu zaidi, kwa maana miti yake ya pembeni hushika upepo. Kama imefungwa kwa kamba na si misumari, ifungue na kuilaza kando.

Chombo kikubwa kisichopandishika kina njia mbili. Iliyo bora ni hori la mikoko. Ghuba ya Mikindani ina mlango mwembamba na imezungukwa na nchi karibu pande zote, na ndiyo maana majahazi yamekimbilia humo kwa karne nyingi. Sudi na Mchinga nako kuna maficho. Ningemshauri mtu wa Lindi ajihadhari na kuingia ndani sana ya Mto Lukuledi, kwa sababu kimbunga huja na mvua, na mto unaotoka mbali barani huteremsha magogo na mafuriko saa chache baada ya upepo kupita, wakati ambapo watu wamekwisha kushusha pumzi. Hori lisilo na mto mkubwa ni salama zaidi. Ukiwa humo, funga kamba kutoka omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma yake) kwenda pande zote mbili, kwenye mashina kadhaa na si moja, ukiacha ulegevu wa kutosha ili chombo kipande na kushuka na maji bila kuning'inia. Mikoko isikatwe kwa kujipatia nafasi, kwa kuwa inalindwa na sheria na ndiyo hiyo hiyo inayovunja mawimbi yasikufikie.

Njia ya pili ni kubaki kwenye nanga, na hapa hesabu ya urefu wa kamba ndiyo inayookoa. Chukua kina cha maji yakiwa yamepwa, ongeza kupanda kwa maji, ongeza urefu wa omo juu ya maji, kisha zidisha kwa 7 kwa siku ya upepo wa kawaida na kwa 10 kwa dhoruba. Mahali penye kina cha mita 3, maji yakipanda mita 3.5 na omo ikiwa mita 1 juu, jumla ni 7.5, kwa hiyo kamba ya dhoruba ni mita 75. Mashua nyingi nilizoziona zimetia nanga mbele ya Shangani, Mtwara, hazina hata nusu ya hiyo. Kati ya nanga na kamba pawe na mnyororo wa mita kadhaa ili mvuto uwe wa kulala na si wa kuinua nanga kutoka mchangani, na tumia nailoni kwa sababu hunyumbuka. Tia nanga mbili zilizoachana kama mkasi uliofunguka nusu. Kamba nyingi hazikatiki kwa mvuto; husagika pale zinapopita ukingoni mwa omo, kwa hiyo zivishe kipande cha mpira wa maji na kukifunga kisitambae. Nanga ya jiwe haifai hata kidogo. Hakikisha pia kwamba jirani yako yuko mbali kiasi kwamba nanga yake ikiburura hatakuangukia, na kama yuko karibu na hataki kusogea, hama wewe.

Mtu yeyote asibaki chomboni, hata kama mwenye mali anamtaka nahodha alale humo. Kitovu kikipita juu yenu upepo utatulia, pengine kwa nusu saa, kisha utarudi ghafla kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Ni katika utulivu huo watu huteremka pwani kuangalia kamba zao.

Aliye baharini onyo linapomfikia arudi mara moja, avae boya, na awasiliane na BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, cha kijiji chake. Mwenye redio ya VHF asikilize chaneli 16, ambayo ni ya dharura. Aepuke kuingia kwenye mlango mwembamba maji yakitoka na upepo ukiingia, kwa kuwa mawimbi husimama wima hapo, na mara nyingine kusubiri nje hadi maji yageuke ni afadhali kuliko kulazimisha.

Kabla ya yote hayo kuanza, piga picha za chombo na namba yake ya usajili, funga leseni ndani ya mfuko wa plastiki, na uweke akiba ya misumari, pamba ya kalafati, plagi na mafuta ya mashine. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa vifaa havikufika Lindi wala Mtwara kwa njia hiyo.

Baada ya dhoruba, mawimbi hubaki makubwa siku moja au zaidi ingawa jua limetoka, na majini kunakuwa na magogo, nyavu na vyombo vilivyozama nusu; usitoke hadi onyo liondolewe. Kagua mkuku, maungio na vichwa vya misumari kabla ya kushusha. Mashine iliyozama itolewe majini pale tu fundi anapokuwa tayari, kwani hewa ndiyo inayoanza kuila. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa plagi, geuza ili maji yatoke kwenye silinda, safisha kabureta, tia mafuta na uiwashe siku hiyo hiyo. Kama fundi hapatikani, izamishe kwenye pipa la maji baridi hadi aje. Iliyozama ikiwa inawaka isigeuzwe kwa nguvu. Huenda vyuma vya ndani vimepinda, na lazima ifunguliwe kwanza.