Kutunga Kwateti ya Nyuzi kwa Mapigo ya Ngoma za Kiselti

Anayetaka kutungia kwateti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola na selo, muziki wenye asili ya ngoma za Kiselti, yaani za watu kama Waayalandi na Waskoti, na aanzie kwenye miguu ya wachezaji kabla ya kuandika melodia yoyote. Kati ya ngoma hizo, jigi huhesabiwa kwa 6/8, yaani nota fupi sita katika kila kipimo (fungu moja la mapigo), slip-jigi kwa 9/8, na rili kwa mapigo ya haraka yanayogawanyika mawilimawili. Strathspey ya Uskoti huenda taratibu zaidi, na hutambulika kwa nota fupi inayodakiwa na nota ndefu baada yake. Chagua moja tu, uipige mezani kwa kiganja mpaka ikukae mwilini.

Tuni nyingi za ngoma hizi zina sehemu mbili za vipimo vinane, na kwa kuwa kila sehemu hurudiwa, mzunguko mzima huwa vipimo 32. Umbo hilo ndilo mtaji wako: sikio likishalizoea, kipimo kimoja kilichoondolewa humshtua msikilizaji kuliko akodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) yoyote ya ajabu. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza uache ulivyo.

Kuipa fidla ya kwanza tuni na wengine kuwaachia akodi za kusindikiza ni njia rahisi, na kwa maoni yangu ndiyo inayochosha upesi. Tuni nyingi ziko katika modi, yaani ngazi za sauti za kale, ziitwazo Doria na Miksolidia, wala hazidai akodi za kuzisukuma zirudi mwanzo. Selo inaweza kushikilia nota moja isiyokatika, kama zumari ya mfuko, huku sauti za juu zikihama toni moja chini na kurudi, zikigongana nayo makusudi.

Utajiri mkubwa zaidi uko Bretagne, nchini Ufaransa, katika uimbaji wa ngoma uitwao kan ha diskan, ambamo mwimbaji wa pili hudakia silabi za mwisho za mwenzake, wakaimba pamoja kitambo, kisha huyo wa pili akaendelea peke yake. Zigawie fidla mbili kazi hiyo, na tuni haitavuta pumzi hata mara moja.

Mapambo ya Ayalandi yaandike kwa uangalifu. Katika pambo liitwalo roli, nota ya juu na ya chini huikata tu nota kuu bila kusikika zenyewe, hivyo mpigaji aliyezoea trili, yaani kupokezanisha haraka nota mbili jirani, lazima aelezwe hivyo kwa maandishi. Kuhusu upinde, unganisha hapa na pale nota ya mwisho ya pigo na ya kwanza ya pigo linalofuata kwa mvuto mmoja. Nyingine zibaki huru.