Maji ya tangi la matumbawe yakipungua, usiongeze ya chumvi

Mnaofuga matumbawe nyumbani, maji yakishuka kwenye tangi msijazie maji ya chumvi. Kinachopaa ni maji tu. Chumvi yote inabaki humo humo. Ukijazia ya chumvi kila siku, kiwango kinapanda kimyakimya, na matumbawe huonyesha mapema: vinyama vyake vinajikunja, havifunguki hata taa ikiwaka mchana kutwa.

Bandika kipande cha utepe kwenye kioo pale maji yanapofika leo. Kila asubuhi jazia hadi hapo, polepole, kwa maji yasiyo na chumvi. Tangi dogo ndilo la kuangaliwa zaidi. La lita 60 likipoteza lita 3 tu, chumvi ya gramu 35 kwa lita inafika karibu 37.

Maji yenyewe yawe ya kutoneshwa au yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi na uchafu. Ya bomba mara nyingi yana klorini, na yakipita kwenye mabomba ya shaba hubeba shaba, ambayo hata chembe yake ni sumu kwa matumbawe, konokono na kamba.

Ukikuta chumvi imeshapanda, tafadhali usiishushe siku moja. Toa maji kidogo, weka yasiyo na chumvi kidogo, pima, ngoja kesho. Kushuka ghafla kunaweza kuyamaliza hata yale yaliyokuwa yamevumilia. Na kioo cha kipimo cha chumvi kisuuze kila baada ya kupima, maana chumvi iliyokaukia pale inadanganya.